JINSI TULIVYOMTAFUTA MUUZAJI WA UMEME WA JUA



Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki wenzetu wameeleza habari za hisa, mikopo na migao ya kila mwaka. Sisi tuliokuwa katika Kamati ya Taa tumepewa kazi ya kuandika historia ya jambo moja tu, nalo ni umeme wa jua majumbani mwetu na jinsi tulivyompata mtu wa kutuuzia. Pengine mtu atauliza, hivi kununua sola nako kuna historia? Ndiyo, ipo. Tena ni historia iliyokaribia kukivunja kikundi hiki, na ndiyo maana tunaiandika bila kuficha.

Koroboi na mkopo wa kwanza

Tulipoanza, wengi wetu tulikuwa tunawasha koroboi, na mwenye uwezo kidogo alikuwa na taa ya chemli. Watoto walisoma kwenye moshi, asubuhi wanaamka na masizi puani. Simu tulizipeleka dukani kuchajiwa kwa kulipia, na mara nyingine unakuta imechajiwa nusu. Waya wa umeme ulipita barabarani ukaishia karibu na ofisi ya kijiji, lakini kitongojini kwetu haukufika. Leo kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, imesonga mbele na baadhi yetu tumeunganishwa. Wakati ule nguzo tulikuwa tunazitazama kwa mbali tu.

Katika mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja alikopa kwenye sanduku akanunua mnadani kile alichoambiwa ni "seti nzima ya sola". Muuzaji alikuwa na gari, spika na maneno matamu. Alimpa paneli, betri, waya na taa nne. Wiki za kwanza sote tulikwenda kwake jioni kushangaa. Mwezi wa nne taa zikaanza kufifia ikifika saa mbili usiku. Mwezi wa sita betri ikafa kabisa. Alirudi mnadani, yule bwana hayupo. Alipiga simu, namba haipatikani. Risiti hakupewa. Na mkopo ulikuwa umebaki marejesho matano! Mama yule akauza mbuzi wawili kulipa deni la taa zisizowaka.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wengine walisema shauri yake, angetazama vizuri. Wengine walisema hapana, mkopo tuliuidhinisha sisi, paneli ilishushwa mbele yetu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Maneno yakazidi hadi wanachama wawili wakachukua hisa zao wakaondoka. Waliobaki wakaamua kwamba mkopo wa sola usitolewe tena mpaka kikundi kijue kinanunua nini na kwa nani. Ikaundwa kamati ya watu watano. Hao ndio sisi.

Somo lililokuwa mlangoni kwetu

Siku ya kuanza kazi tulimwalika mzee mmoja, mlezi wa kikundi. Alitusikiliza, kisha akacheka. Akasema, "Wanangu, ninyi ni watu wa Kongwa. Mnataka kufundishwa na nani hasara ya kununua kabla ya kuuliza?"

Alikuwa anasema juu ya mradi wa karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake kuangalia ardhi ya kulima karanga. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege, na taarifa yao ikapendekeza kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza hapa Kongwa. Zililetwa trekta nyingi zilizokwisha kutumika katika Vita Kuu ya Pili, nazo zikaharibika moja baada ya nyingine, huku mafundi na vipuri havitoshi. Mvua haikuwa ile waliyoitegemea. Udongo wetu, ambao kila mkulima wa hapa anaujua, kiangazi ukakauka ukawa kama saruji, na karanga iko chini ya ardhi, unaing'oaje? Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na hasara ilikuwa takriban paundi milioni 36. Hata reli iliyojengwa kuja Kongwa iling'olewa baadaye.

Mzee akamaliza kwa kusema kwamba wenye ndege na mabenki walishindwa kwa sababu walinunua mashine kwanza, maswali wakayaacha nyuma. Je, sisi wenye sanduku la funguo tatu? Maneno yale tuliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kamati.

Wenzetu waliotutangulia

Mwalimu mmoja wa sekondari alitusaidia kupata maandishi juu ya sola katika nchi zetu, tukawa tunayasoma kwa sauti baada ya kukusanya hisa. Tulijifunza mengi.

Kule Kenya, sehemu za Meru, shule ya harambee ya Karamugi ilifungiwa umeme wa jua mwaka 1984. Kazi hiyo waliishughulikia Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na Mark Hankins aliyekuwa mwalimu wa shule ile. Walimu walipoona taa shuleni, nao wakataka majumbani kwao. Mafundi wa hapohapo wakafundishwa, na biashara ikaenea. Lakini ilipokua sana, paneli zikaanza kuuzwa madukani kama sabuni: unalipa, unabeba, unajifungia mwenyewe. Mwaka 1999 watafiti walizipima paneli ndogo zilizokuwa katika soko la Kenya. Kumbe kuna aina zilizotoa karibu na wati zilizoandikwa mgongoni, na kuna aina zilizotoa chini kabisa ya hapo. Kwa macho mnunuzi hawezi kuzitofautisha. Kwa hiyo maandishi ya mgongoni peke yake si ushahidi.

Hapa Tanzania, chama cha KARADEA huko Karagwe, mkoani Kagera, kilianzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye ikaja miradi ya Serikali na wafadhili, mmojawapo ukianzia Mwanza mwaka 2004, nayo ilitumia nguvu nyingi kufundisha mafundi na wafanyabiashara. Tukajiuliza, kwa nini wote hao wanahangaika na fundi badala ya kugawa paneli tu? Jibu tulilijua: mwenzetu wa mnadani paneli alikuwa nayo.

Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa. Taa na seti ndogo zilipimwa maabara, na zilizofaulu zikaorodheshwa. Mwaka 2020 kazi ya upimaji ikachukuliwa na mpango uitwao VeraSol. Orodha hizo anaweza kuzisoma mtu yeyote mwenye simu ya intaneti, hata kijana wako nyumbani.

Halafu kuna kampuni za lipa kidogo kidogo kwa simu. Mteja anatoa malipo ya mwanzo, kisha analipa kila siku au kila mwezi, na asipolipa taa zinajifunga zenyewe. Utaratibu huu umewapatia mwanga watu wengi ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mara moja. Lakini mwezi Aprili 2019 kampuni ya Kijerumani ya Mobisol, iliyokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, ilitangaza kufilisika kwao Ujerumani. Ilipata mnunuzi mwaka huohuo, kampuni ya Kifaransa ya ENGIE. Sisi tukajiuliza, isingempata je? Hivyo tukaongeza swali jingine daftarini: huyu muuzaji atakuwepo kesho?

Hesabu kabla ya duka

Fundi mmoja alitufundisha kwamba kosa la kwanza ni kwenda dukani na kusema "nipe sola". Ni sawa na kwenda sokoni Kibaigwa ukasema "nipe mahindi" bila kutaja gunia ngapi. Tukakaa chini, tukapiga hesabu ya nyumba moja ya kawaida kwa usiku mmoja:

Taa 4 za wati 5, kila moja saa 4: 80.
Redio ya wati 5, saa 5: 25.
Kuchaji simu 3: kama 30.
Televisheni ndogo ya wati 20, saa 3: 60.

Jumla ni 195, tuseme 200. Hizo zinaitwa wati-saa. Njiani umeme unapotea kwenye waya, kwenye betri na kwa joto na vumbi, kwa hiyo paneli lazima ivune kama 300. Hapa kwetu jua kali tulihesabu saa 5 kwa siku. Gawanya 300 kwa 5, unapata paneli ya wati 60. Kwa kuwa Januari na Februari mawingu ni mengi, tukapandisha hadi 80.

Betri nayo ina hesabu yake. Wati-saa 200 kwa betri ya volti 12 ni kama ampea-saa 17 kwa usiku mmoja. Ukitaka iweze kuvumilia siku mbili za mawingu ni 34. Na betri ya risasi ya sola haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo inatakiwa ya ampea-saa 70 hivi. Ya lithiamu inaweza kuwa ndogo zaidi, ila bei yake iko juu.

Hapo ndipo tulipoelewa msiba wa mwenzetu. Aliuziwa betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, kisha inajazwa papo hapo. Ukiinyonya kila usiku mpaka mwisho, inakufa mapema. Tena hakufungiwa kile kifaa cha kuzuia betri isizidishiwe wala isinyonywe kupita kiasi, ambacho mafundi wanakiita kontrola. Na fundi alipoipima ile paneli kwa mita yake mchana wa jua kali, ilitoa chini kabisa ya ilichoandikiwa. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi kizima. Kosa halikuwa lake peke yake.

Wauzaji watatu

Tuliwatembelea wauzaji watatu. Majina yao hatuyataji, kijitabu hiki si tangazo la biashara. Kila mmoja tulimuuliza maswali yaleyale sita: Paneli na betri ni za aina gani, na zimepimwa na nani? Waranti ni ya muda gani, na imeandikwa? Fundi ni nani, na anakaa wapi? Vipuri viko wapi? Paneli itaelekea wapi? Na la mwisho: tuoneshe wateja wako wa miaka miwili iliyopita.

Swali la paneli kuelekea wapi lilikuwa mtego wetu. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli inatakiwa ielekee kaskazini na kuinama kidogo, ili mvua ioshe vumbi. Muuzaji wa kwanza, aliyekuwa na bei ya chini kuliko wote, alijibu, "Popote tu mama, jua si liko juu!" Waranti akasema ni ya mdomo, "mniamini tu." Tukamshukuru, tukaondoka.

Wa pili alikuwa wakala wa kampuni ya lipa kidogo kidogo. Vifaa vilikuwa vizuri, vimepimwa, na majibu yake yalikuwa ya kueleweka. Tatizo lilikuwa kalenda. Fedha yetu inakuja baada ya mavuno, tunapouza alizeti na mahindi. Januari hadi Machi ni miezi ya kulima na kupalilia, ghala tupu, na wengine wanafanya kibarua wapate unga. Malipo ya kila mwezi yangetukuta na mikono mitupu, taa zifungwe wakati mvua inanyesha na nyoka wanatembea. Tena tulipojumlisha malipo yote mpaka mwisho, bei ilizidi ile ya fedha taslimu kwa mengi. Riba ya sanduku letu ilikuwa nafuu, na faida yake inarudi kwetu wenyewe.

Wa tatu alikuwa na duka Dodoma mjini. Bei yake haikuwa ya chini. Lakini waranti aliitoa kwa maandishi na muhuri, fundi wake alikuwa anaishi safari fupi ya basi kutoka kwetu, na aliandika majina ya wateja watatu wa zamani. Tuliwaendea bila kuwaarifu. Hatukuwauliza kama taa zao zinawaka. Tuliwauliza, "Ilipoharibika, nani alikuja? Baada ya siku ngapi?" Wawili walisema fundi alikuja. Mmoja alisema alikuja kwa kuchelewa, lakini alikuja, na kifaa kilibadilishwa bure. Hilo tulilithamini kuliko sifa zote za dukani.

Jaribio na kura

Hata hivyo hatukununua nyumba zote kwa mkupuo. Tulipendekeza ifungwe seti moja ya majaribio, ikae msimu mzima wa mvua, kisha tuamue. Ifungwe kwa nani? Mwenyekiti akasema, kwa yule aliyeuza mbuzi. Kukawa na mabishano, maana fedha ilikuwa itoke mfuko wa jamii. Mzee wetu yule akauliza swali moja tu: "Mfuko wa jamii ni wa nani kama si wa aliyeumia?" Kura zikapita.

Kuanzia Desemba hadi Aprili mama huyo aliandika kila siku saa taa zilipowashwa na saa zilipozimwa. Usiku ambao taa zilikatika kabla ya kulala ulikuwa mmoja tu, baada ya siku tatu za mawingu. Mei tukapiga kura, tukanunua seti kumi na moja kwa pamoja. Kwa kuwa tulikwenda kama kikundi, alitupunguzia bei. Tulilipa nusu mwanzo, sehemu kubwa ya iliyobaki baada ya kufungwa, na sehemu ya kumi tukaishikilia miezi mitatu hadi tuone kazi yake. Muuzaji alinung'unika, lakini alikubali. Tunawashauri wenzetu msiache sharti hilo.

Yaliyofuata

Tusidanganye kwamba yote yalikwenda sawa. Mvua za pili kontrola ya nyumba moja iliungua. Waranti ilisema fundi atafika baada ya siku tatu, akafika baada ya tisa. Tulimwandikia muuzaji barua yenye sahihi za wanachama wote, tukaambatanisha nakala ya waranti. Akaja mwenyewe kuomba radhi, na tangu hapo hatukusubiri tena hivyo. Mnadani tungemwandikia nani?

Mume wa mwenzetu mmoja naye alichomeka pasi ya wati 1,000 kwenye inveta ya wati 300. Inveta ikalia, ikazima, na nyumba nzima ikalala gizani. Siku hizi kila nyumba ina karatasi ukutani: taa, redio, simu, televisheni ndogo, basi. Pasi, heta na jiko havimo.

Jambo tulilolisahau katika hesabu za kwanza lilikuwa kifo cha betri. Paneli nzuri inadumu miaka zaidi ya ishirini, lakini betri ya risasi, hata ukiitunza, ni ya miaka michache tu. Betri mbili za kwanza zilipochoka tulishtuka kama watu wasioambiwa. Sasa kila mwenye sola anaweka kiasi kidogo kila mwezi katika mfuko wa betri, unaokaa ndani ya sanduku lilelile. Betri mbovu hazitupwi shambani, maana zina risasi na tindikali. Tunazirudisha kwa muuzaji, naye anapunguza bei ya mpya.

Binti wa mwanachama mwenzetu amesoma umeme chuo cha VETA. Yeye ndiye anayezungukia nyumba zetu kupima betri, kukaza waya na kutukumbusha kufuta vumbi, kwani upepo wa Kongwa mnaujua wenyewe. Fundi aliyekuwa safari ya basi sasa yuko kitongojini.

Kwa wenzetu wanaotaka kununua

Watu wengi kutoka vikundi vingine wanakuja kutuuliza, "Mlinunua duka gani?" Tunawaambia jina, lakini tunawaambia pia kwamba jina si dawa. Maduka hufunguliwa na kufungwa, na kampuni kubwa nazo hufilisika. Pigeni hesabu yenu wenyewe kwanza. Tazameni alama ya Shirika la Viwango (TBS), daini risiti na waranti ya maandishi, ulizeni fundi analala wapi. Kisha mtafuteni mteja wa zamani mumuulize, siku ilipoharibika nani alikuja.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi tulijifunza kwa mbuzi wawili na wanachama wawili. Mmoja wa wale walioondoka alirudi katika mwaka wetu wa saba, akakopa, akafungiwa taa, na mwaka huu ndiye mweka hazina. Mwingine milango bado iko wazi kwake, naye akisoma haya ajue kwamba taa inawaka.



Kamati ya Taa